Meno Mawili ya Mwalimu wa Kwedizinga

Miezi yangu ya mwisho kazini nilikuwa na swali lililoninyima usingizi. Nikimruhusu Mwalimu Athumani asimikwe meno na mfupa wake ukayakataa, nitakuwa nimemwongezea hasara. Nikimzuia, akapoteza darasa lake, nitakuwa nimemwongezea hasara vilevile. Nililala ubavu wa kushoto, nikalala ubavu wa kulia, na pande zote mbili za godoro zilinipa jibu tofauti.

Najua kumbukumbu za namna hii huandikwa na wastaafu. Mimi bado sijafika miaka thelathini, na aliyestaafu hasa ni Daktari Mndolwa, mwenye kliniki. Lakini yeye hapendi kuandika. Siku aliyoniambia kwamba amewaachia watu wengine kliniki na mkataba wangu utaishia hapo, aliniambia pia, "Grace, wewe ndiye unayefikiri mpaka unaumwa kichwa. Basi waandikie hao watakaokuja. Angalau kichwa kikuume kwa faida ya mtu." Kwa hiyo haya ni yenu, ninyi mtakaofungua tena vile vyumba viwili pale mjini Korogwe, mkakuta kiti cha kijani kinachozama polepole mgonjwa akikikalia. Hakijaharibika. Kiambieni chumba kizima kwamba kiti huzama hivyo, mgonjwa asishtuke.

Nilizaliwa Kilole, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Babu yangu alikuja nchi hii kukata mkonge, akabaki. Nilipomaliza shahada nilidhani nitapelekwa mbali, na nilikuwa nimekwisha jiandaa kuogopa mahali pengine. Kumbe nikaogopea nyumbani, mbele ya watu waliowahi kuniona nikilia barabarani kwa kupoteza kiatu.

Siku ya kwanza niliulizwa swali moja tu. Mgonjwa alikuwa kijana mwenye gego lililooza, na mimi nilikuwa nimeshika koleo tayari. Daktari Mndolwa akauliza, "Ukishang'oa, hapo patabaki nini?"

Nikasema, "Pengo."

"Na chini ya pengo?"

Akaniambia mfupa wa taya ni kama mtu aliyezoea kufanya kazi na mwenzake. Jino likiondoka, mfupa hukosa sababu ya kukaa. Huanza kunyauka, kwanza kwa unene, halafu kwa urefu. Akaniagiza nisishike koleo tena kabla sijafikiria mfupa utakaobaki nyuma yangu. Kwa mtu wa tabia yangu, hayo yalikuwa mafuta kwenye moto. Kuanzia siku hiyo kila jino nililong'oa nilililipia kwa mawazo.

Mtazoea haraka namna wagonjwa wetu wanavyokuja. Wanakuja wamechelewa. Jino limeuma tangu wakati wa palizi, wakavumilia mpaka mavuno, wakasukutua maji ya chumvi, wakatia mafuta ya karafuu, na wanapofika neno ni moja: ng'oa. Ukimwambia mtu kwamba jino linaweza kuzibwa anakutazama kama umemwambia akarabati nyumba inayoungua. Halafu baada ya miaka miwili anarudi na pengo, ameingiza shavu ndani, anauliza kama kuna namna.

Namna zipo, na mgonjwa anastahili kuzisikia zote. Lipo bamba la plastiki lenye meno ya bandia, la kuvaa na kuvua. Lipo daraja, meno ya bandia yanayojishikiza kwenye meno jirani na pengo, na ili lishike lazima uyachonge hayo ya jirani hata kama ni mazima. Na lipo la tatu, skrubu ndogo ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa, ikae huko kama mzizi, halafu juu yake livikwe jino. Hili la tatu hatukulifanya wenyewe. Alikuja bingwa kutoka Dar es Salaam kila baada ya miezi kadhaa, na sanduku lake ambalo hakuruhusu mtu alibebe. Kazi yetu ilikuwa kuchagua nani amwone, kumwandaa, na kumtunza bingwa akishaondoka. Ndiyo kusema yeye alifanya kazi ya saa moja, sisi tukabaki na mgonjwa mwaka mzima.

Wa kwanza niliyemfuatilia alikuwa mama mmoja wa Mpale. Hakuwa na jino hata moja chini, na taya lake lilikuwa limeisha hivi kwamba bamba lilikuwa likicheza mdomoni. Alisema, "Nikisalimia watu lenyewe linataka kuwatangulia kuitikia." Huyo alisimikwa skrubu mbili za mbele, bamba likabanwa juu yake. Alipona vizuri, ila katikati alitupa hofu, maana siku chache tu baada ya upasuaji alirudi amevimba. Tulikuwa tumemwambia ale vitu laini. Akasema amekula laini: alitafuna muwa, akatema makapi.

Kwa hiyo semeni kila kitu. Semeni kwamba ganzi inaondoa maumivu lakini haiondoi mtikisiko wala sauti ya mashine ikitoboa mfupa, na ile sauti ndiyo inayowafanya watu washike mikono ya kiti. Semeni uvimbe na michubuko ni ya siku chache, uji na mtori kwanza, nyuzi zitatolewa, na sigara ni marufuku. Semeni hasa kwamba baada ya hapo ni miezi ya kusubiri mfupa ushike chuma, na jino lenyewe mara nyingi huja mwishoni. Watu husikia upasuaji leo wakadhani tabasamu kesho.

Sasa nifike kwa Mwalimu.

Mwalimu Athumani alikuwa akifundisha chuo cha Kurani huko Kwedizinga, upande wa Handeni, kwenye banda la nyuma ya msikiti. Alianguka na bodaboda kwenye kokoto, meno mawili ya mbele juu yakavunjika hadi ndani ya ufizi. Mizizi ilitolewa mahali pengine. Alipofika kwetu kidonda kilikuwa kimepona, naye alikuwa ameweka leso mdomoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuiondoa.

"Nini kinakusumbua zaidi, mwalimu? Kutafuna?"

"Kutafuna natafuna, binti yangu. Herufi zimenitoka."

Sikumwelewa. Akashusha leso. Akanieleza kwamba ziko herufi tatu katika kisomo ambazo lazima ncha ya ulimi iguse ukingo wa meno ya mbele ya juu. Ukikosa ukingo huo, herufi inageuka kuwa nyingine, na neno linageuka kuwa neno jingine. Akajaribu kunisomea. Ilitoka kama pumzi ya mtu anayepuliza chai.

"Huku kwetu wengi tunasema selasini, tunasema zahabu," alisema. "Mimi nimetumia umri wangu kuwatoa watoto huko. Sasa wanasoma kama mimi. Juzi darasa zima limesoma kwa mwanya, na wana meno yao yote."

Kamati ya msikiti ilikuwa imeanza kuuliza. Hawakumsema vibaya. Walikuwa wametaja tu kwamba yuko kijana amesoma Tanga, ana sauti nzuri, na nafasi ya kumweka inaweza kupatikana.

Daktari Mndolwa alimpima. Fizi zake zilikuwa zimelegea, na meno ya pembeni ya pengo yalitikisika kidogo, kwa hiyo daraja halikuwa na pa kushika. Tukamtengenezea bamba. Alilivaa, akasoma, akalivua. Lile bamba lilikuwa limefunika kaakaa, na ulimi wake ulikuwa unakutana na plastiki kabla haujafika penye meno. Fundi wa meno ya bandia akalipunguza mara mbili. Herufi mojawapo ilirudi nusu, nyingine zikaanza kupiga mluzi. "Hili ni la kupigia picha tu," alisema Mwalimu, akalifunga kwenye leso.

Ndipo nikamtajia namna ya tatu. Nikamwambia, "Yawezekana tukakupandikizia meno." Tukampiga picha ya eksirei, tukaona mfupa umepungua lakini upo wa kutosha, nikamwambia aende akazungumze na familia yake.

Safari iliyofuata alikuja na mdogo wake, Rajabu, mkulima wa mahindi mwenye kifua kipana na meno makubwa meupe kabisa. Walikuwa wamevaa vizuri, kama watu wanaokwenda kuposa.

"Nimekuja na mtu wangu," alisema Mwalimu.

"Naye anaumwa?"

"Haumwi. Ndiye atakayetoa."

"Atakayetoa nini?"

"Meno. Si ulisema kupandikiza? Tumekaa kikao cha ukoo. Mkubwa wetu hana meno ya kugawa, dada yetu ana presha. Huyu ndiye mzima."

Rajabu akafungua mdomo tuone. "Dokta, mimi niko tayari, ila naomba mchukue ya huku nyuma. Ya mbele nayahitaji, nina mpango wa mke wa pili."

"Mke wa kwanza anajua?" Daktari Mndolwa akauliza bila kugeuka, akiwa ameuelekea ukuta.

"Anajua kuhusu meno, mama. Hilo lingine bado."

Hapo wote tulicheka, hata Mwalimu, ambaye alisahau leso. Lakini nilipokwenda kunawa mikono niliona kosa lilikuwa langu. Kwao neno kupandikiza lilikuwa limefika kwa redio, pamoja na figo. Figo hutoka kwa ndugu. Nilikuwa nimeliacha neno hilo liende Kwedizinga peke yake, na ukoo ukalikalia kikao. Kama wangekuwa watu wa haraka zaidi, wangepitia kwa mtu mwingine mwenye koleo njiani, na Rajabu angefika na meno kwenye karatasi.

Tangu siku ile tulisema kusimika. Mkulima yeyote amesimika nguzo. Anajua nguzo haitoi majani, anajua udongo lazima ushindiliwe na uachwe ushike, na anajua ukiitundikia geti siku hiyohiyo italala. Mwalimu alipoelezwa hivyo aliuliza kuhusu udhu na hicho chuma, akajijibu mwenyewe kwamba hilo atamuuliza mtu anayelijua. Kisha akauliza swali ambalo wagonjwa wengi hawaulizi: "Na udongo ukiwa mbaya?"

Udongo wake ulikuwa mbaya. Mwalimu alikuwa na kisukari. Kisukari peke yake si kizuizi. Nimeona wenye kisukari wakisimikwa na kupona, kama sukari imeshikwa vizuri. Isiposhikwa, kidonda huchelewa, fizi huoza, mfupa haushiki, na skrubu hulegea ikaondoka na sehemu ya mfupa uliokuwepo. Hapo hata bamba la kuvaa linakosa pa kukaa. Tukamwambia ashushe sukari kwanza, kwa dawa na kwa chakula, kisha tutaona.

Akashusha. Alikuja kila mara Jumanne, kwa sababu ndiyo siku aliyopata usafiri wa uhakika, na kila Jumanne nilimchoma kidole na namba ilikuwa nzuri. Nilifurahi mno. Nilimsifu mbele ya wagonjwa wengine. Bingwa alipopiga simu kuuliza nani ameiva, nilimtaja Mwalimu wa kwanza.

Siku moja nilimkaribisha chai, akasema ameshafungua kinywa asubuhi, jana ndiyo alikuwa amefunga.

"Jana? Kwa nini jana?"

"Jumatatu na Alhamisi nafunga sunna, binti yangu. Miaka yote."

Nilisimama na kikombe mkononi. Jumatatu anafunga, jioni anafuturu kidogo, Jumanne ananipa kidole. Nilikuwa napima siku yake bora ya wiki, kila wiki. Nikamwandikia kile kipimo kingine cha damu, kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu kwa ujumla. Jibu lilipotoka lilikuwa baya. Halikuwa la kutisha. Lilikuwa baya kwa kiasi kile cha kuudhi, ambacho mtu mmoja atasema ngoja na mwingine atasema jaribu.

Nilijiuliza kama alijua. Nilijiuliza kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Siku nyingine niliona alichagua Jumanne makusudi, siku nyingine nikaona haya kuwaza hivyo juu ya mtu anayefunga kwa ajili ya Mungu wake. Nilipomwonyesha jibu alisema tu, "Basi damu haisahau."

Wakati huo ndipo Daktari Mndolwa alipotangaza kuondoka. Wenye kliniki wapya walisema wataifunga wafanye ukarabati, na hakuna aliyejua wataifungua lini. Bingwa angekuja mara moja tu ya mwisho, wiki ileile ya kufunga. Na kamati ya msikiti ilikuwa imepanga kukutana Ijumaa ya kabla ya safari hiyo. Mwalimu alitaka aingie kwenye kikao akiwa na neno la daktari: nina tarehe, meno yanakuja, nivumilieni.

Nilimpigia bingwa simu. Akasikiliza namba, akasema, "Nimeshafanya wabaya kuliko huyo. Wengine wameshika, wengine wameniaibisha. Nani atamwangalia nikiondoka?"

"Ndilo ninaloliwaza."

"Basi amua wewe. Mimi nikifika nitamkuta au sitamkuta."

Nilikwenda kwa Daktari Mndolwa nikitegemea ataniamulia. Alikuwa anafunga vyombo vyake kwenye magazeti.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi nimestaafu."

"Bado wiki tatu."

"Nimestaafu kwenye swali hilo." Halafu akaniona usoni, akakaa. "Grace, unatafuta jibu ambalo hakuna atakayeumia. Hilo sijawahi kuliona kwenye mdomo wa mtu. Jiulize mambo mawili juu ya mwalimu wako: kidonda kikichimba, atakwenda wapi, na atamkuta nani. Kama huna la kumjibu, unajua la kufanya."

Mwalimu akianza kutoa usaha wiki ya pili, mlango wetu utakuwa na kufuli. Hospitali za karibu zingemsafisha kidonda, lakini vifaa vya skrubu ile zisingekuwa navyo. Angepanda basi kwenda Dar es Salaam akiwa na homa, sukari ikipanda njiani. Hilo nililiona wazi. Upande wa pili niliona wazi vilevile darasa lake na kijana wa Tanga. Tofauti niliyoipata, baada ya kufikiri kwa wingi usio na faida, ni kwamba darasa lingechukuliwa na kamati, na kidonda kingewekwa na sisi. Haikunifariji. Ilinitosha tu kuamka nikavaa viatu.

Sikutaka kumwambia kwa simu. Neno langu moja lilikuwa limewahi kwenda Kwedizinga bila mimi. Alhamisi nikapanda gari la Handeni, nikashuka, nikaulizia chuo. Mwalimu alinitoa nje ya banda, kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti. Alikuwa amefunga, midomo imekauka. Ndani watoto walikuwa wakisoma kwa sauti, na nilisikia ule mwanya wao, wote pamoja.

Nilimwamkia. Nikamwambia moja kwa moja kwamba sitamruhusu asimikwe safari hii. Nikamwambia sababu kwa maneno ya kawaida: sukari ya miezi mitatu, fizi, kliniki kufungwa, kwamba hakutakuwa na mtu wa kumwangalia. Nikamwambia sukari ikishikwa na kliniki ikafunguliwa, mfupa wake bado una nafasi, ingawa kila mwezi nafasi hiyo inapungua. Sikumficha hilo pia.

"Ni hapana ya leo au hapana kabisa?"

"Ya leo, mwalimu."

"Kikao ni kesho."

"Najua."

"Ungeniambia kwa simu ningesema sijasikia vizuri," alisema. "Ningekuja tu siku hiyo nikakaa kwenye kiti."

"Ndiyo maana nimekuja."

Nilijua nikiondoka hivyo, nitafika kwenye gari nimeshaanza kubadili mawazo. Nikatoa simu nikampigia bingwa hapohapo mbele yake, nikaiweka spika. Nikasema mgonjwa wa Kwedizinga hayuko tayari, asimhesabu. Bingwa akasema sawa, akauliza kama kuna mwingine wa kuchukua nafasi hiyo. Nikasema hakuna.

Mwalimu alisikia yote. Alinishukuru kwa kusafiri, akaweka kofia yake sawa, akaingia bandani. Watoto wakanyamaza. Nikamsikia akimwita msichana mkubwa wa darasa kwa jina, akamwambia aje mbele asome yeye, kama alivyosoma kabla ya ile ajali, wenzake wamfuate.